Pete ya Mama, Lugha ya Mama

Kibarua kiliingia saa tano usiku. Mteja alikuwa anauza vito vya Kiairishi mtandaoni, na alitaka sentensi kumi za kuandika kwenye kadi za Siku ya Akina Mama. Kila moja iwe na salamu ya Kiairishi, iguse moyo, na isizidi maneno ishirini. Malipo yangetosha unga, mafuta ya kupikia na bando ya wiki. Nikakubali kabla hajabadilisha nia.

Sijawahi kufika Ayalandi. Lakini si mnajua hizi kazi za mtandaoni. Wiki hii unaandika kuhusu vitanda vya mbwa wa Kanada, wiki ijayo unamwandikia mtu insha ya chuo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili. Nikafungua kurasa kama ishirini hivi, nikaanza kusoma kuhusu mama za watu.

Ile kazi ilikuwa ya saa moja. Ilinichukua karibu wiki mbili, kwa sababu nilikwama kwenye swali ambalo mteja hakuniuliza: kwa nini mtu amsalimie mama yake kwa lugha ambayo, mara nyingi, mama mwenyewe haiongei nyumbani?

Tuanze na siku yenyewe. Sisi huku tunaiadhimisha Jumapili ya pili ya Mei, na hiyo tumeitoa Marekani. Mwaka 1908 Anna Jarvis aliandaa ibada ya kumkumbuka marehemu mama yake katika mji wa Grafton, West Virginia. Kufikia 1914 Rais Woodrow Wilson alikuwa ameitangaza siku ya taifa zima. Ayalandi wana kalenda nyingine. Kama majirani zao Waingereza, wao hushika Jumapili ya nne ya Kwaresima, kwa hivyo tarehe inahamahama na Pasaka, na mara nyingi inaangukia Machi.

Mila hiyo ya Kwaresima ni ya zamani, lakini mwanzoni haikuhusu mama aliyekuzaa. Ilihusu kanisa mama, lile kubwa la eneo lako. Baadaye huko Uingereza ikawa siku ambayo mabinti na vijana waliofanya kazi katika nyumba za matajiri walipewa ruhusa waende kwao, na wengine walimpelekea mama maua waliyochuma njiani. Kisha mila ikafifia. Mwanamke Mwingereza aitwaye Constance Penswick Smith alisikia habari za Jarvis, akaanza kampeni ya kuifufua mwanzoni mwa karne ya 20. Jarvis mwenyewe alimalizia maisha yake akipigana na wauza maua na wauza kadi. Kwake, kumtumia mama kadi ya kuchapishwa kulikuwa uvivu mtupu. Alikufa mwaka 1948 bila mali yoyote.

Hayo niliyasoma nikiwa katikati ya kuandika kadi za kuchapishwa. Nikanyamaza, nikaendelea.

Salamu ambayo mteja aliitaka ni hii: Lá na Máithreacha sona duit. Ukiifungua neno kwa neno inakuwa "siku ya akina mama yenye furaha kwako". Lile neno la mwisho, duit, ndilo "kwako", na ukilijua hilo tayari una nusu ya salamu ya kila siku ya Waairishi: Dia duit, yaani Mungu awe kwako. Anayejibu hatakiwi kurudisha kilekile alichopewa. Anaongeza: Dia is Muire duit, Mungu na Maria wawe kwako. Kwa hivyo hata watu wawili wakipishana tu njiani, anayeitikia anamwingiza mama kwenye salamu.

Ukimwita mama yako mwenyewe, neno linageuka kichwani. Mama ni Mamaí, lakini ukimwita unasema a Mhamaí, na hiyo mh inasikika kama w. Mgeni kutoka Ulaya anaweza kuona hii ni mateso. Mswahili hashangai. Sisi ndio tunaosema mtoto, watoto, utoto na kitoto bila kufikiri, na tunajua neno linaweza kubadilisha kichwa na bado likawa lilelile.

Lakini kilichonikalisha ni kitu kidogo zaidi. Kiairishi hakina kitenzi cha kusema unamiliki kitu. Ukitaka kusema una pete, unasema tá fáinne agam: pete iko kwangu. Nikaangalia Kiswahili changu. "Nina pete" ni nini kama si "mimi na pete"? Na sisi pia hatumiliki, tuko tu pamoja na kitu. Halafu nikaona kwamba Mwairishi akitaka kusema anaongea Kiairishi, anatumia muundo uleule: tá Gaeilge agam, Kiairishi kiko kwangu. Lugha inakaa kwa mtu vilevile kama pete inavyokaa. Na kinachokaa kwako kinaweza pia kuondoka.

Sasa hiyo pete. Katika orodha ya mteja, iliyouzwa zaidi ilikuwa pete ya Claddagh. Hata wewe nadhani umeiona mahali: mikono miwili imeshika moyo, na juu ya moyo kuna taji. Mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Claddagh, kwa Kiairishi An Cladach, yaani ufuo wa mawe, kilikuwa kijiji cha wavuvi nje ya kuta za mji wa Galway, magharibi ya Ayalandi. Wanaume walivua, wanawake waliuza samaki mjini na kushika pesa. Waliongea Kiairishi, na walikuwa na kiongozi wao waliyemwita mfalme, ingawa naye alikuwa mvuvi kama wao.

Pete za mikono iliyoshikana zilikuwepo Ulaya tangu enzi za Warumi. Ile yenye moyo na taji ilianza kutengenezwa Galway karibu mwaka 1700. Baadhi ya zile kongwe zina alama ya sonara Richard Joyce, na masimulizi ya Galway yanasema kijana huyo alitekwa na maharamia wa Aljeria akiwa safarini kuelekea visiwa vya Karibi, kwenye miaka ya 1670. Aliuzwa Algiers kwa sonara Mwislamu, akafundishwa kazi ya dhahabu. Mwaka 1689, Mfalme William III alipodai raia wake waachiliwe, bwana wake alimwomba abaki, akamwahidi binti yake na nusu ya mali. Joyce akakataa, akarudi kwao na ufundi wake. Siwezi kuapa kwamba kila kipande cha hadithi hiyo ni kweli. Lakini nilipenda kwamba watu wa Galway, wakisimulia pete yao ya kitamaduni ilikotoka, wanataja Afrika bila aibu.

Kwenye miaka ya 1840 wanandoa waandishi, Samuel Carter Hall na Anna Maria Hall, walichapisha kitabu cha safari zao Ayalandi. Walipofika Claddagh waliona kwamba pete ya ndoa hainunuliwi upya kila harusi. Ni urithi. Inatoka kwa mama, inaenda kwa binti anayetangulia kuolewa, naye atampa wa kwake. Pete nyingi walizoziona zilikuwa zimezeeka vidoleni.

Shika picha hiyo: kitu kinachoshuka kutoka mkono wa mama kwenda mkono wa binti, kizazi baada ya kizazi. Sasa ongeza na lugha, kwa sababu hivyo vitu viwili vilikuwa vinashuka pamoja, mezani na jikoni. Halafu ikaja njaa.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi. Ayalandi ilikuwa chini ya Uingereza, na maskini walikuwa wakulima wadogo kwenye ardhi za wenyewe, wakila viazi na karibu viazi tu. Viazi vikaoza shambani mwaka baada ya mwaka, huku chakula kingine kikiendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa. Hadi njaa inaisha, karibu 1852, watu kama milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamepanda meli. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane. Ile ya 1851 ilipata kama milioni sita na nusu.

Katikati ya miaka hiyo kuna hadithi ya kito kingine kilichokuwa kwenye orodha ya mteja. Inasemekana Agosti 1850 mwanamke maskini aliokota kipini cha kufungia joho karibu na bahari, huko Bettystown, Kaunti ya Meath. Kilikuwa kimetengenezwa karibu miaka 1,100 kabla ya hapo, na leo kiko kwenye Makumbusho ya Taifa, Dublin. Yeye alikiuza kwa mchuuzi, mchuuzi akakiuza kwa sonara George Waterhouse wa Dublin, na Waterhouse akakipa jina la Tara, kilima cha wafalme wa kale. Kipini hakikuwa na uhusiano wowote na Tara. Jina lilikuwa la biashara, na nakala zake ziliuzika sana. Sonara tunamjua kwa jina. Yule mwanamke hadithi inamwita tu maskini, basi.

Na pete za Claddagh? Nyingi ziliishia kwenye maduka ya rehani Galway. Watu waliziacha pale wapate nauli ya meli au chakula, wakasema watarudi kuzikomboa. Wengi hawakurudi, na masonara waliyeyusha dhahabu. Kiasi hicho kilitosha kunifanya nisimame, niende dirishani.

Lugha nayo iliondoka, lakini hiyo haikusubiri njaa. Tangu 1831 kulikuwa na shule za msingi za serikali, na masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Kuna kifaa walichokiita bata scóir, kijiti ambacho mtoto alivishwa shingoni kwa uzi. Kila akiteleza akaongea Kiairishi, kijiti kinakatwa alama. Mwisho wa siku mwalimu anahesabu alama, anachapa viboko. Daktari William Wilde wa Dublin, baba yake mwandishi Oscar Wilde, aliandika katikati ya karne ya 19 jinsi alivyoshuhudia jambo hilo huko magharibi. Na si shuleni. Alikuwa nyumbani kwa watu, na aliyeikata ile alama alikuwa baba mzazi wa mtoto.

Rahisi kumlaani baba huyo. Lakini hebu kaa kiti chake. Viazi vimeoza. Barua kutoka Boston inasema kuna kazi, ila kazi inataka Kiingereza. Una watoto sita na nauli ya mmoja. Lugha yako ni tamu, ina sala zako zote na matusi yako yote, lakini haimvushi mtoto bahari. Kwa hivyo mama akaanza kunyamaza. Aliongea Kiairishi na mumewe usiku, na asubuhi akawaamsha watoto kwa Kiingereza cha kuunga-unga. Sensa ya 1851, ya kwanza kuuliza kuhusu lugha hiyo, ilipata wasemaji kama milioni moja na nusu, karibu mtu mmoja kati ya wanne. Sensa ya 1891 ikapata kama 680,000. Dhahabu ilienda rehani kwa ajili ya watoto, na lugha nayo hivyohivyo.

Hapo ndipo kibarua kilipoacha kuwa cha mteja.

Kile kijiti tunakijua. Huku kwetu kiliitwa diski. Ngũgĩ wa Thiong'o alikiandika kwenye Decolonising the Mind mwaka 1986: mtoto wa Kenya ya ukoloni akishikwa akiongea Kikuyu karibu na shule, anachapwa au anavishwa kibati shingoni. Uhuru ulikuja, diski ikabaki. Mathe aliivaa Siaya miaka ya themanini. Yake ilikuwa kipande cha mbao na kamba ya mkonge, na anakumbuka mbinu yote: ukivishwa, unazunguka uwanjani ukitafuta wa kumtega aongee Dholuo, umpachike yeye. "Tulijifunza kusikilizana kama polisi," aliniambia siku moja, akicheka.

Nilizaliwa Nairobi, Umoja. Nilipoanza shule, mwalimu mmoja alimwita mathe akamshauri kwa upole kabisa asiniongeleshe lugha ya nyumbani, itaniharibia Kiingereza. Mathe akasikia. Dholuo ikawa lugha ya simu na dada yake, lugha ya matanga, lugha ya mlango ukishafungwa. Mimi nikapewa Kiswahili na Kiingereza, na Sheng nikajichukulia mwenyewe.

Alikuwa pia na pete, dhahabu nyembamba. Mwaka niliojiunga na chuo, karo ilipungukiwa, akaipeleka kwa sonara mjini. Alinieleza baadaye, kama mtu anayekueleza alivyouza kuku. Kwa hivyo vitu viwili vilivyokuwa vyake, mathe alivitoa kwa ajili ya masomo yangu. Na masomo yenyewe nikayaacha mwaka wa pili. Hajawahi kunisimanga. Huwa ananiuliza tu kama nimekula.

Sasa unaelewa kwa nini sentensi kumi zilichukua wiki mbili.

Waairishi walifanya nini? Mwaka 1893 Douglas Hyde, Eoin MacNeill na wenzao walianzisha Conradh na Gaeilge, chama cha kurudisha lugha. Waliitisha madarasa ya jioni, na watu wazima wakakaa kwenye madawati kujifunza maneno ambayo nyanya zao waliyajua bila darasa. Mwaka 1916 mwandishi na mwanamapinduzi Piaras Béaslaí aliongoza kuanzishwa kwa An Fáinne. Fáinne ni pete. Lakini hii haikuwa ya kidole. Ilikuwa beji ya duara ya kubandika kwenye koti, na ilikuwa na maana moja: nisalimie kwa Kiairishi, nitakuitikia. Hadi leo ipo ya dhahabu kwa anayeongea vizuri na ya fedha kwa anayejikaza.

Nilivutiwa sana na hilo. Watoto wa nchi hiyo walivalishwa kijiti shingoni kuonyesha nani kakosea akaongea lugha ya mama. Miongo michache baadaye wajukuu wao wakajipachika pete kifuani, kwa hiari, kuonyesha lugha hiyohiyo. Ni pambo lilelile la kumtambulisha msemaji, ila safari hii aliyelivaa ndiye aliyelichagua.

Tusidanganyane kwamba hadithi imeisha vizuri. Katiba ya 1937 inasema Kiairishi ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi. Hyde akawa rais wa kwanza mwaka 1938. Kila mtoto anaisoma shuleni. Hata hivyo sensa ya 2022 inaonyesha kwamba watu kama milioni 1.87 walisema wanaijua, asilimia 40 hivi, lakini wanaoiongea kila siku nje ya shule ni 71,968 tu. Uwanja wa Kasarani ungeishiwa na viti, ndiyo, lakini hiyo ni nchi nzima. Kijiji cha Claddagh chenyewe hakipo tena kama kilivyokuwa. Nyumba zake za makuti zilibomolewa miaka ya 1930, zikajengwa za serikali. Pete ndiyo inayozunguka dunia na jina la kijiji.

Lakini nikarudi kwenye swali langu, na nadhani nina jibu. Zamani pete na lugha vilishuka: mama akampa binti. Njaa, shule na meli vikakata kamba hiyo. Sasa binti mwenye umri wangu, Dublin au Boston, anafungua simu yake, anatafuta jinsi ya kuandika a Mhamaí, ananunua pete ya Claddagh, anampelekea mama. Kitu kilichokuwa kikishuka kimeanza kupanda. Ukimwangalia haraka unaona ni utalii, ni biashara, ni neno moja la intaneti kwenye kadi. Na kweli ni biashara. Mimi nililipwa, najua. Lakini mama aliyenyamaza ili mtoto apite hawezi kuivunja kimya hiyo peke yake, kwa sababu ndiyo zawadi aliyotoa. Atamwambiaje mtoto kwamba zawadi ilikuwa na bei? Anayeweza kuanza ni mtoto. Haijalishi kwamba ana neno moja tu na anatamka vibaya. Waairishi wanakubaliana kwamba salamu ikiitikiwa huongezwa. Kwa hivyo lazima mtu aanze na kidogo.

Nilimtumia mteja sentensi zake kumi. Alipenda tisa. Ile ya kumi alisema ina huzuni, nikaibadilisha, akalipa.

Jumapili ya nne ya Kwaresima ilifika. Kenya haikuwa sikukuu ya chochote. Nilimpigia mathe saa moja asubuhi, saa ambayo najua huwa anachemsha chai. Sikuwa na pete ya kumrudishia. Bei za dhahabu nilikuwa nimeziangalia, zikanicheka.

"Oyawore, mama," nikasema.

Kukawa kimya. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Oyawore ahinya," akajibu, kwa sauti ambayo huwa naisikia akiongea na dada yake. Kisha akaendelea, sentensi ndefu, ya pili, ya tatu, bila kunisubiri, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango kwa mgongo miaka ishirini na kitu. Nilishika jina la dana na neno la mvua. Mengine yote yalinipita.

Nikamwambia arudie, mos mos.

Akarudia.